Moyo wa Nchi Uko Kushoto: Mhadhara wa Elimuzuru juu ya Ufipa

Elimuzuru, neno lililoundwa na mhadhiri mwenyewe kwa kuunganisha "elimu" na "kuzuru" bila kuliomba ruhusa baraza lolote la lugha, ni taaluma inayochunguza namna binadamu anavyoweza kuzijua hifadhi na malikale za nchi yake kwa ukamilifu, zikiwamo zile ambazo hajafika. Malikale ni kitu au mahali palipoachwa na watu wa kale pakabaki na thamani kwa walio hai, kama boma, tanuru, kaburi au mti wa tambiko. Na hifadhi ya taifa ni eneo lililotengwa kwa sheria ambamo mnyama hukaa bila kulipa na binadamu hulipa bila kukaa. Taaluma hii haina idara katika chuo kikuu chochote, jambo ambalo mhadhiri analiona kuwa ushahidi wa uchanga wa vyuo vikuu na si wa taaluma, na mhitimu wake hadi sasa ni mmoja tu, ambaye alijitahini, akajisahihishia na kujitunuku shahada mbele ya mashahidi wawili kwenye benchi la stendi ya mabasi ya Sumbawanga.

Kabla ya kuzuru chochote, mwanafunzi wa elimuzuru hana budi kujua moyo wa nchi uko wapi. Jibu la kawaida ni Dodoma, na wanaolitoa hukumbusha kwamba mwaka 1973 iliamuliwa mji huo uwe makao makuu kwa sababu, pamoja na mengine, uko katikati. Lakini hoja hii inachanganya moyo na kitovu, viungo viwili ambavyo hata mkunga wa kijijini havimchanganyi. Kitovu ndicho kilicho katikati. Moyo, kama ajuavyo kila aliyewahi kuwekewa kipimo kifuani na daktari, huelekea kushoto, na kushoto mwa ramani ya Tanzania, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, ndipo palipo na Ufipa. Mwanafunzi mmoja alithubutu kusema kwamba ikiwa nchi inamtazama anayeisoma ramani, basi kushoto kwake kunaangukia pwani; hoja hiyo ingeupeleka moyo Dar es Salaam, ambako tayari kuna bandari, foleni na joto, na kwa sababu hiyo mwanafunzi alipewa sifuri na mjadala ukafungwa.

Ufipa ni uwanda wa juu, yaani ardhi iliyoinuliwa na nguvu za chini ya dunia huku pande zake mbili zikididimia na kufanya mabonde ya ufa. Magharibi limelala Ziwa Tanganyika, ambalo kina chake kinafika mita 1,470 na linazidiwa na Baikal la Urusi peke yake. Mashariki, chini ya ukuta wa miamba uitwao Lyamba lya Mfipa, limetandazwa Ziwa Rukwa, lenye kina kifupi, maji ya magadi, na mito inayoingia bila hata mmoja unaotoka. Mji wa Sumbawanga uko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, mwinuko unaotosha kumfanya abiria aliyepanda basi pwani mwezi wa Julai akiwa na shati la mikono mifupi ashuke akiwa amebadili msimamo wake kuhusu makoti. Pembeni mwa mji imesimama milima ya Mbizi, ambayo msitu wake unahifadhi kundi la mbega wekundu waliotengwa mbali na ndugu zao wa misitu mingine, na ambao mhadhiri anawapongeza kwa kutolalamika. Ifahamike pia, kwa faida ya wageni kutoka visiwani, kwamba Mbizi hii haipigwi. Hupandwa kwa miguu.

Kuhusu jina la mji, elimuzuru ina mengi ya kusema, kwa sababu hakuna mji wa Tanzania uliotaniwa zaidi. Katika Kifipa, "sumba" ni kutupa na "wanga" ni uchawi, kwa hiyo Sumbawanga ni agizo: tupa uchawi, ndipo uingie. Ajabu ni kwamba nchi nzima imelisoma agizo hilo kinyume, na kila Mfipa anayejitambulisha ugenini huulizwa kama ungo wake umeegeshwa wapi na kama anaweza kumtumia jirani fulani radi. Mhadhiri anakemea utani huu kwa hoja ya mantiki, kwamba mji ulioandika mlangoni pake "tupa uchawi" lazima uwe na uchawi mchache kuliko miji isiyoandika kitu. Ingawa, kwa uaminifu wa kitaaluma, anakiri kwamba vibao vya "usitupe taka hapa" havijawahi kuonekana mahali pasipo na taka. Upande wa historia unamsaidia kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyekuwa akifanya utafiti Ufipa, alishuhudia harakati iliyoitwa Kamchape, ambayo vijana wake walizunguka kijiji hadi kijiji wakiwataka watu watoe pembe na hirizi zao hadharani na kunywa dawa ya kuwatakasa. Yaani agizo lililomo katika jina la mji lilikuwa bado linatekelezwa, kwa bidii ambayo halmashauri nyingi zingependa kuiona katika ukusanyaji wa ushuru. Kuhusu radi, uwanda mtupu wenye mwinuko mkubwa na mvua za kuanzia Novemba hadi Aprili hauhitaji mtumaji.

Eneo la kwanza la kuzuru ni maporomoko ya Kalambo, ambayo hufikiwa kwa kupita Matai, makao makuu ya wilaya inayoitwa kwa jina la maporomoko yenyewe, na kuendelea hadi kijiji cha Kapozwa. Mto Kalambo, ambao hapo ni mpaka wa Tanzania na Zambia, hufika ukingoni mwa uwanda na kuanguka kwa mkupuo mmoja bila kugusa ngazi yoyote ya mwamba, chini kwenye korongo ambalo maji yake huishia Ziwa Tanganyika, na katika kuta za korongo hilo makorongo wa aina ya marabu hujenga viota. Msomaji asishangazwe na korongo mbili katika sentensi moja, kwani moja ni bonde na mwingine ni ndege, na lugha iliona haya kuwatenganisha majirani hao. Urefu wa maporomoko ni suala lenye utata, kwa kuwa vitabu vingine huandika mita 221 na vingine mita 235, tofauti ya mita 14, ambayo ni sawa na nyumba ya ghorofa nne iliyopotea hewani. Mhadhiri ameutatua utata huu mara moja na daima kwa kujumlisha namba hizo na kugawa kwa mbili, akapata mita 228, kipimo ambacho hakuna mtu aliyewahi kukipima na ambacho, kwa hiyo, hakuna anayeweza kukibisha.

Hata hivyo, utukufu wa Kalambo hauko katika maji pekee. Juu ya maporomoko, upande wa Zambia, mwanaakiolojia J. Desmond Clark alianza kuchimba katika miaka ya 1950 na kukuta tabaka baada ya tabaka la zana za mawe, pamoja na mbao ambazo maji ya ardhini yalizinyima hewa na hivyo kuzinyima kuoza. Mwaka 2023 timu iliyoongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool ilitangaza katika jarida la Nature kwamba magogo mawili yaliyokutwa hapo, moja likiwa limelazwa juu ya jingine na kushikana nalo kwa pengo lililochongwa makusudi, yana umri wa angalau miaka 476,000. Umri huo ulipatikana kwa kupima mchanga ulioyafunika, kwa maana chembe za mchanga zikikaa gizani hujilimbikizia nishati kidogo kidogo, na zikichokozwa maabara huitoa kama mwanga, ambao kiasi chake husema jua liliziangukia lini kwa mara ya mwisho. Ni kama kumjua mfungwa amekaa ndani miaka mingapi kwa kumtazama anavyokodoa macho siku ya kutoka. Kwa kuwa mabaki ya kale zaidi ya binadamu wa aina yetu yana miaka kama 300,000, seremala wa Kalambo alikuwa mtu wa aina nyingine, aliyekufa na ufundi wake kabla babu wa mababu hajafikiriwa. Wanasayansi wamejadili kama magogo hayo yalikuwa msingi wa kibanda, njia ya kupita juu ya tope au jukwaa la kukalia kando ya mto. Mhadhiri, ambaye uzoefu wake wa mambo ya kukalia haulinganishwi, anatamka bila kusita kwamba lilikuwa benchi, na kwamba aliyelikalia alikuwa akisubiri usafiri wa kuvuka kuja upande wa Tanzania. Kwa nini lilidumu miaka 476,000 ni rahisi kueleza: usafiri ulichelewa.

Kutoka kwa seremala asiye na jina elimuzuru inahamia kwa mhunzi, na hapa mhadhiri anaomba adabu, kwa sababu jambo hili ni kubwa kuliko yeye, maneno ambayo hajawahi kuyatumia kuhusu jambo jingine. Katika Ufipa, hasa upande wa Nkasi, yapo mabaki ya malungu, ambayo ni matanuru ya udongo ya kuyeyushia chuma, moja likiitwa ilungu, yaliyosimama kwa urefu wa mita tatu hivi, kumzidi mtu mzima kwa zaidi ya nusu mwili. Sifa yao kuu ni kwamba hayakuhitaji mifuo, yaani mifuko ya ngozi ya kupulizia moto: matundu yaliyozunguka chini yaliingiza hewa baridi, hewa moto ikapanda juu kama katika dohani, na tanuru likajipulizia lenyewe mchana na usiku, wakati wahunzi wakiongeza kuni, mkaa na mawe ya chuma. Kilichotoka hakikuwa bado chuma safi, kwa hiyo kilipelekwa katika tanuru dogo lenye mifuo, kikasafishwa tena, ndipo kikafuliwa kuwa jembe, shoka au mkuki. Kazi hii ilifanywa porini, kwa dawa na miiko. Tanuru lilipambwa na kufanyiwa kama bibi harusi, na wanaume waliolihudumia hawakuruhusiwa kulala na wake zao hadi chuma "kizaliwe". Watafiti wa ndani na wa nje, miongoni mwao Bertram Mapunda aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wameandika juu ya malungu kwa kina, na wazee waliokumbuka kazi hiyo walipoulizwa katika karne iliyopita walikuwa wameiacha siku nyingi, kwa kuwa jembe la dukani lililokuja na wakoloni halikuhitaji mtu alale peke yake.

Mgeni anayeambiwa kwamba kichuguu kile chekundu kando ya shamba ni kiwanda hutazama, husema "ahaa", na kutaka kujua choo kiko wapi. Mhadhiri halaumu. Simba hujieleza mwenyewe kwa kunguruma, wakati tanuru lililobomoka linahitaji mtu wa kulieleza, na nchi imeajiri waeleza simba wengi kuliko waeleza matanuru. Vivyo hivyo kwa matuta ya Wafipa, yaitwayo intumba, ambayo abiria huyapita akiyadhani ni vichuguu au makaburi: mvua zinapokaribia kuisha, mkulima huzifunika nyasi kwa udongo katika matuta ya mviringo, nyasi huoza ndani yake, na msimu unaofuata udongo uliorutubika husambazwa na kupandwa, ili ardhi isiyo na miti ya kuchomwa majivu ipate mbolea yake kutoka kwenye majani yake yenyewe. Hii ni malikale ambayo hupandwa maharage. Hakuna tiketi.

Katika siasa za kale, Ufipa iliongozwa kutoka Milansi, kijiji ambacho mapokeo hukiita cha milele. Masimulizi ambayo Willis aliyakusanya yanaeleza kwamba wanawake wageni watatu walifika Milansi wakati mtawala ameenda kuwinda, wakapewa kigoda cha enzi wakalie kama ilivyo desturi ya kumkaribisha mgeni, na mwenyeji aliporudi akakuta kigoda kimeshapata mwenyewe. Wageni hao walianzisha ukoo wa watawala wa Twa, ambao baadaye uligawanyika katika falme mbili za Nkansi na Lyangalile, na Milansi ikabakiziwa heshima ya ibada bila madaraka. Wasomi huyachambua masimulizi haya kwa kurasa nyingi, wakieleza uhusiano wa mwenyeji na mgeni, mwanamume na mwanamke, kichwa na kiuno. Tafsiri ya elimuzuru ni fupi: asiachwe mtu mwingine kwenye benchi lako, hata ukienda kujisaidia.

Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974 na ambayo sasa ina kilomita za mraba 4,471, ilikuwa katika Mkoa wa Rukwa hadi mwaka 2012, Mpanda na jirani zake walipopewa mkoa wao unaobeba jina la hifadhi. Mhadhiri anautambua mkoa mpya kiserikali lakini si kitaaluma, kwa kuwa viboko hawakuulizwa. Viboko hao ndio sifa ya Katavi: masika hutawanyika katika mbuga zilizojaa maji, na neno mbuga lieleweke hapa kwa maana yake halisi ya nchi wazi yenye nyasi inayofurika, si kila mahali penye twiga; kiangazi kinapokaza, kati ya Agosti na Oktoba, Mto Katuma hubaki madimbwi ya tope, na viboko kwa mamia hubanana humo ubavu kwa ubavu, wakigombana, wakinyeana na kuota jua, huku mamba wakijificha katika mapango ya kingo. Watazamaji wa kigeni huandika kwamba hawajawahi kuona msongamano wa aina hiyo. Ni dhahiri kwamba hawakupanda basi la jioni.

Barabara ya Sumbawanga kwenda Mpanda inapita ndani ya Katavi kabla ya kufika Sitalike, yalipo makao makuu ya hifadhi, na ukweli huu ndio uliozaa mbinu mashuhuri ya elimuzuru iitwayo zuru-pita, yaani kuzuru hifadhi ya taifa kupitia dirisha la basi linalokwenda kwingine. Mbinu ina faida ya bei na kasoro mbili. Ya kwanza ni mbung'o, ambao watu wa huko huwaita ndorobo, na ambao huingia dirishani bila nauli, hutoboa nguo, na huwapenda zaidi waliovaa rangi ya buluu iliyoiva. Suti ya mahafali ya mhadhiri ni ya rangi hiyo. Ya pili ni kwamba dirishani huonekana yaliyo kando ya barabara tu, wakati moyo wa Katavi uko ndani, kwenye ziwa dogo la jina hilo, penye mkwaju ambao wenyeji husema ni maskani ya Katabi, roho wa mwindaji, na ambapo wapitao hutoa sadaka ili safari iwe salama. Mhadhiri aliwahi kumtolea Katabi sadaka ya karanga kupitia dirishani, kwa kukisia upande.

Kando ya Ziwa Tanganyika, Kasanga ni bandari ambayo Wajerumani waliiita Bismarckburg wakajenga boma juu ya kilima. Juni 1916, majeshi ya Waingereza yakija kwa nchi kavu, Kamanda Spicer-Simson, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amezisafirisha mashua zake za vita kwa nchi kavu kutoka Afrika Kusini na ambaye alipenda kuvaa sketi, alifika kwa maji, akaiona mizinga ya boma imetoa midomo, akaona busara kuondoka. Usiku Wajerumani wakateleza na mashua zao, na walioingia bomani, kama inavyosimuliwa, wakakuta mizinga hiyo ni ya mbao. Nusu milioni ya miaka baada ya seremala wa Kalambo, fani ilikuwa bado hai eneo hilo. Mwezi uliofuata, huko karibu na Kigoma, Wajerumani waliizamisha meli yao Graf von Götzen baada ya kuipaka mitambo grisi kwa ajili ya siku zijazo. Iliibuliwa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba, jina ambalo Livingstone alisikia watu wa kusini mwa ziwa wakiliita ziwa hilo mwaka 1867, na kwa miaka mingi ikawa inatia nanga Kasanga. Ipo pia Karema, kaskazini zaidi, ambapo Adrian Atiman, mtoto aliyetekwa utumwani Afrika Magharibi na kusomea udaktari Malta, alitibu watu kuanzia mwaka 1889 hadi karibu na kifo chake mwaka 1956. Mhadhiri alitaka kumtania, akashindwa.

Ziwa Rukwa limeachwa mwisho kwa sababu halikai mahali pamoja. Mwaka 1880 Joseph Thomson, Mskoti, alilitazama kutoka juu ya milima akalipa jina la Leopold, mfalme wa Ubelgiji ambaye hakuwahi kulinawa, lakini jina halikushika. Mwaka 1929 ziwa lilikadiriwa kuwa na urefu wa kilomita 50 hivi, na miaka kumi baadaye kilomita 128, kwa hiyo anayetaka kulizuru aulize kwanza kama lipo nyumbani. Bonde lake ni mojawapo ya mazalia ya nzige wekundu, na katika miamba ya bonde hilohilo la ufa, upande wa kusini, vilipatikana vipande vya taya na meno vya umri wa miaka milioni 25, vilivyotangazwa mwaka 2013, vya Rukwapithecus na Nsungwepithecus, mmoja wa ukoo wa sokwe na mwingine wa ukoo wa nyani. Koo hizo mbili, kwa hiyo, zilikuwa zimeshatengana, na hakuna tume iliyoundwa.

Baada ya hapo kilifunguliwa kipindi cha maswali, ambacho mhadhiri alikitengea dakika moja. Mama mmoja anayeuza migebuka karibu na stendi, aliyekuwa amesikiliza yote huku akipepea inzi, alisimama na kuuliza kwa heshima: "Samahani baba, hilo ziwa la mita elfu moja mia nne na sabini, wewe umeshalichovya hata kidole?" Mhadhiri alijibu kwamba migebuka wawili aliowanunua kwake Jumamosi iliyopita walikuwa bado wanachuruzika maji, kwamba maji hayo kisayansi yalikuwa ya Tanganyika, na kwamba yalimlowesha hadi kiwiko. Mama alimkumbusha kuwa wale wawili hajawalipia. Upepo wa Mbizi ulianza kuvuma, mpiga debe akaita abiria wa Matai na Kasanga, nafasi mbili za mbele, na mhadhiri akakusanya karatasi zake na kusogea kidogo kwenye benchi ili asiwazuie wanaopanda.